Nukta Inayorudi Nyumbani

Kwenye picha iliyopigwa na ndege ile, binadamu ni nukta moja. Hana uso, hana mabega, huwezi kujua kama amevaa suti au kabutula. Ni pikseli moja ya kijivu inayotambaa kando ya barabara, basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kampuni ya Persistent Surveillance Systems ilipoulizwa kama ni sawa kuupiga picha karibu mji mzima wa Baltimore, kule Marekani, kila sekunde, mchana kutwa. Sisi hatuoni mtu, walisema, tunaona nukta. Na nukta haina jina wala rangi ya ngozi. Sasa mnalia nini?

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu kuliko linavyostahili. Labda ni kwa sababu kazi inayonilipia keja ni ya ukoo huo huo: naunganisha picha za droni ziwe ramani. Droni inapita juu ya shamba au mtaa kwa mistari, kama mtu anayefyeka nyasi, na kila picha inafunika zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Bila kufunikana huko kompyuta haiwezi kujua picha moja inaungana na nyingine wapi. Jioni naingiza picha mia sita, asubuhi napata moja pana, unaweza kuisogelea hadi uone beseni nje ya mlango. Kwa hivyo nikiuliza kama ni halali kumtazama mtu kutoka juu, naliuliza kama muuza nyama anavyouliza kama ni halali kuchinja. Si swali la kupitisha muda.

Teknolojia ya Baltimore ilizaliwa vitani. Nchini Iraq, wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiuawa na mabomu yaliyofukiwa kando ya barabara. Mtu akishalipuka, umechelewa, aliyetega ameenda zake. Wahandisi wakajiuliza: vipi kama kuna ndege inayozunguka juu ya mji masaa yote, ikipiga picha ya kila mahali kwa pamoja, hata pale ambapo hakuna linalotokea? Bomu likilipuka, unarudisha picha nyuma. Unamwona aliyechimba. Unarudi nyuma zaidi, unaona gari lililomleta, na nyumba lilikotoka gari. Ross McNutt, aliyekuwa mwanajeshi wa anga, alikuwa mmoja wa waliotengeneza mfumo wa namna hiyo ulioitwa Angel Fire, uliopelekwa Iraq mwaka wa 2007. Baadaye alistaafu akaanzisha kampuni yake huko Dayton, Ohio, na akaileta mashine hiyo mijini. Mwaka wa 2009 ndege yake iliruka juu ya Ciudad Juárez, Mexico, ikanasa mauaji na njia walizokimbilia wauaji.

Jeshi halikusimama hapo. Kamera iliyoitwa ARGUS-IS iliunganisha vipande 368 vya kamera vya aina ile inayowekwa kwenye simu, ikapata picha ya pikseli bilioni 1.8. Mfumo mwingine wakaubatiza Gorgon Stare, kwa jina la yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki ambaye ukikutana na macho yake unageuka jiwe. Angalau hapo hawakuficha nia. Arthur Holland Michel, katika kitabu chake Eyes in the Sky cha mwaka wa 2019, anaeleza kwamba sehemu ya wazo hili ilitokana na filamu ya 1998, Enemy of the State, ambamo Will Smith anakimbizwa na serikali yenye jicho angani. Mhandisi mmoja aliitazama, na badala ya kuogopa, akaenda kazini kuuliza kama kitu hicho kinaweza kutengenezwa. Filamu nzima ilikuwa onyo, mse akaisoma kama mchoro wa fundi.

Sasa ngoja nieleze jinsi inavyofanya kazi, maana kuna jambo hapo ambalo wanaobishana kuhusu faragha hulipita haraka.

Kamera ya kwenye mlingoti ina maisha rahisi. Ikiona kitu kimehama, basi kimehama. Lakini ukipiga picha ukiwa ndani ya ndege inayozunguka, kila kitu kinahama: nyumba, miti, barabara, kanisa. Ghorofa linaegemea upande huu, dakika chache baadaye limeegemea upande ule. Kwa hivyo kabla ya programu kukuonyesha chochote, lazima kwanza iamue ni nini kimesimama. Inachagua alama zisizobadilika, inazipigilia kwenye ramani kama misumari, kisha inavuta na kunyoosha kila picha mpaka ikae juu ya mwenzake. Hizo alama na vinavyoshikamana nazo ndizo ardhi. Kinachosogea juu ya ardhi hiyo ndicho kinachohesabiwa.

Mimi naona maadili yanaanzia hapo hapo, mapema kabla ya polisi au hakimu kutokea. Kwa mashine hii, mama mboga aliyeketi pale steji tangu saa kumi na mbili asubuhi ni ardhi. Hayupo. Mzee anayeota jua mlangoni, ardhi. Anayeonekana ni anayetembea, na si kila anayetembea anaonekana vilevile. Mwenye ofisi anatoka nyumbani, anafika kazini, anarudi: mstari mnyoofu, wa heshima. Kijana anayetafuta kibarua Industrial Area anaenda geti hadi geti, anasimama, anarudi nyuma, anavuka, anasubiri, anajaribu tena kesho. Chora mstari wake uniambie unafanana na wa nani. Unafanana na wa mtu anayevizia. Kamera haijasema uongo wowote, imeonyesha tu alikopita. Alichokuwa akitafuta hakionekani kutoka futi elfu nyingi juu.

Turudi Baltimore. Aprili 2015 kijana Mweusi, Freddie Gray, alikufa baada ya kuumizwa akiwa mikononi mwa polisi, na mji ukawaka. Mwaka uliofuata ndege ndogo ya Cessna ilianza kuzunguka juu ya mji huo huo, ikilipiwa na pesa za wafadhili binafsi. Wakazi hawakuambiwa. Meya na baraza la mji hawakuambiwa. Siri ilitoka Agosti 2016 jarida la Bloomberg Businessweek lilipoiandika. Kelele zikapigwa, ndege ikatua. Mei 2020 ikarudi, safari hii kwa mkataba wa wazi wa miezi sita: picha moja kila sekunde, hadi masaa kumi na mawili kwa siku, ikifunika kama asilimia 90 ya mji. Kila picha ilibeba kama kilomita 83 za mraba. Kaunti ya Nairobi ni kama 696. Piga hesabu, ndege tisa zinatosha, na Ngong Road yote wamo, Kayole yote wamo, Karen na mbwa wao wamo.

Kikundi cha wanaharakati Weusi wa mji huo, Leaders of a Beautiful Struggle, kilienda mahakamani. Utetezi ukawa ule ule: nukta. Tena ndege hairuki usiku, walisema, kwa hivyo giza likiingia mstari unakatika, na asubuhi ni nukta nyingine kabisa isiyojulikana. Juni 2021 mahakama ya rufaa, kwa kura nane dhidi ya saba, ikakataa hoja hiyo. Majaji wengi walisema kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kuishi kwenye ploti anakijua bila kusomea sheria: watu wana mazoea. Nukta inayotoka nyumba fulani kila asubuhi na kurudi humo kila jioni si nukta tena. Ina anwani. Ongeza kamera za barabarani na mashine za kusoma namba za magari, ambazo polisi wa Baltimore walikuwa nazo tayari, na nukta ina jina.

Fikiria wiki yako mwenyewe. Ukiondoka Umoja saa kumi na moja alfajiri, ushuke Muthurwa, utembee hadi mahali fulani kwenye barabara ya Kirinyaga, urudi usiku, sijakujua bado. Siku ya tatu nimejua unakofanya kazi. Alhamisi umechepuka mchana kuingia jengo lenye kliniki kwenye ghorofa ya pili. Ijumaa umelala South B, na Jumapili hukuenda kanisani kwa mara ya kwanza mwezi huu. Sijaona uso wako hata sekunde moja. Najua mambo ambayo hujamwambia hata rafiki yako, na mengine wewe mwenyewe hujayakubali. Kwa hivyo swali la ukubwa wa mtu kwenye picha ni swali la kupoteza lengo. Picha moja ya nukta haina neno. Kinachouma ni kwamba picha zimeunganishwa, na mtu fulani amekaa na uzi mkononi. Ni kazi yangu kuunganisha, naijua nguvu ya uzi.

Lakini kuna mama.

Kila ninapofika hapa kwenye hoja yangu, yuko mama ananisubiri, na siwezi kumpita. Tangu 2015 Baltimore, mji wa watu kama laki sita, ulikuwa ukizika zaidi ya watu 300 waliouawa kila mwaka, wengi wao vijana Weusi, na kesi nyingi zikibaki bila mshtakiwa. Baadhi ya wakazi wa mitaa iliyoumia zaidi waliitaka ndege hiyo. Hawakuwa wajinga. Ukimwambia mwanamke aliyemzika mtoto kwamba kuna picha inayoonyesha nukta iliyomsogelea mwanawe, ikasimama, ikakimbia, ikaingia nyumba ya rangi hii kwenye kona ile, halafu umwambie tuifute kwa sababu ya faragha, utamtazama vipi?

Wala sihitaji kwenda Marekani kumtafuta. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walipigwa risasi karibu na Bunge letu. Sote tuliona video za simu: zinatikisika, zinakatika, moshi, mtu anaanguka na hujui risasi imetoka upande gani. Niambie kama hungetaka, siku ile, jicho moja tulivu juu ya Parliament Road, linaloona kila mtu kwa pamoja, ambalo unaweza kulirudisha nyuma taratibu hadi kwa mtu aliyeinua bunduki. Mimi ningetaka. Bado nataka.

Sasa endelea kidogo. Kanda hiyo hiyo, ikirudishwa nyuma, inaonyesha alikotoka mwenye bunduki. Ikipelekwa mbele, inaonyesha kila nukta iliyotawanyika jioni ile ilielekea wapi: ipi ilipanda matatu za Rongai, ipi ilitembea hadi Ngara, ipi ililala Zimmerman. Na tunajua yaliyofuata, vijana wakichukuliwa alfajiri na watu wasiojitambulisha, kwenye magari ambayo namba zake hazina maana. Mama anahitaji kanda irudi nyuma. Dereva wa gari lile anahitaji iende mbele. Ni kanda moja, na huwezi kuitengeneza inayomhudumia mama peke yake.

Watu husema teknolojia ni kama kisu, utakata vitunguu au utachoma mtu, shauri yako. Nadhani mfano huu unatudanganya. Kisu mama anacho, jirani anacho, hata mimi ninacho. Ndege inayozunguka masaa kumi na mawili, na chumba cha wachambuzi waliokaa mbele ya skrini, hicho hakuna mama wa Kayole atakayekuwa nacho. Atakachoweza ni kuomba. Ataandika barua, ataambiwa arudi Jumatatu, ataambiwa uchunguzi unaendelea. Mwenye gari hataomba. Kwa hivyo nikiulizwa kama kanda hiyo iwepo, sijibu kwanza kuhusu kanda. Nauliza kitufe cha kurudisha nyuma kiko kwenye chumba cha nani, na huyo mama anaingia humo kwa mlango upi.

Sisi Wakenya tulishawahi kutazamwa hivi kutoka juu, na historia yake si ya upande mmoja. Nyanya yangu ni wa Nyeri. Katika miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilianza kuunganisha vipande vya mashamba ya watu wa Kati na kuviandikisha, kufuatana na mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Wapima ardhi hawakutosha. Njia ya mkato ikawa picha za ndege, zilizopigwa kwa mistari na kufunikana kama zangu za droni. Lakini picha haioni mpaka ambao uko vichwani mwa watu. Kwa hivyo wakulima walitakiwa wapande ua kwenye mipaka yao, ukue, uonekane kutoka angani, ndipo ramani ichorwe kwa kufuata mistari ya ua huo. Shosh alikuwa msichana. Anakumbuka kuchimba mashimo ya miche na kumwagilia, na kuambiwa kwamba ndege itapita na shamba lisilo na ua litaonekana kama halina mwenyewe.

Hii habari hunishangaza kila mara. Watu walipanda mimea kwa ajili ya kamera. Walijua inakuja, walijua inatafuta nini, wakaiandikia jibu kwenye ardhi kwa majani. Sijui tukio lingine ambapo wanaotazamwa walihusishwa hivyo na jicho la juu. Miaka michache kabla, kutoka anga hiyo hiyo, ndege za Lincoln za Waingereza zilidondosha mabomu kwenye msitu wa Aberdare, na huko hakuna aliyeulizwa apande chochote.

Hata hivyo, usije ukadhani napamba ukoloni. Wanaume wengi walikuwa kizuizini mashamba yakigawanywa, na wapo waliorudi wakakuta ua wa mtu mwingine. Na kamera iliona ua, haikuona makubaliano. Kulikuwa na kipande karibu na mto ambacho mama yake shosh alikuwa akilima viazi vitamu kwa ruhusa ya ukoo jirani, ruhusa ya mdomo, ya miaka mingi. Kwenye picha kilikuwa ndani ya ua wa jirani. Hati ikatoka, jina la mwanamume, kama karibu zote zilivyotoka, na ruhusa ikafa. Picha ilikuwa sahihi kabisa. Ilikosa tu kile ambacho hakina umbo.

Ndiyo maana siamini kwamba kutazamwa ndilo tatizo. Mtaani tunatazamwa kila siku. Soja wa geti anajua nimerudi saa ngapi na nimerudi na nani. Mama Brayo wa kibanda anajua mwezi nimeishiwa kwa sababu naomba nusu kabichi. Wanajua mengi kuniliko ndege. Lakini nami najua soja hulala saa nane, na Mama Brayo ana mkopo wa chama uliomkwama, na sisi sote tunajua kwamba tunajuana. Ujuzi huo una breki. Akinitangaza, nami nina la kutangaza. Ila zaidi ya hapo kuna aibu, kuna salamu ya kesho. Aliye juu hana salamu ya kesho. Hawezi kuona haya mbele ya nukta.

Sheria tunayo kidogo. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kuna kanuni za droni za 2020, na mimi hujaza fomu zangu kama raia mwema. Fomu zinauliza uzito wa droni, kimo cha kuruka, na mengine mengi. Hakuna mahali nimewahi kuulizwa kama walio chini wataiona picha.

Mwaka jana tulipiga picha sehemu ya Mukuru kwa ajili ya mpango wa mifereji ya maji. Tulipoenda kuonyesha kazi kwenye ukumbi wa kanisa, mwanamke mmoja alikuja hadi kwenye skrini, akaweka kidole juu ya bati moja kati ya mabati elfu. "Hapa ni kwangu," akasema. Halafu akauliza picha itaenda wapi. Nikamtajia ofisi. Akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayedhani sikusikia: "Na yetu iko wapi?"

Aliyetupa kazi hakuwa na bajeti ya hiyo. Tulichapisha hata hivyo, kwa kitambaa cha bango, pale River Road, mita tatu kwa mbili, tukaitundika ukutani mwa ukumbi. Niliporudi baada ya wiki mbili ilikuwa imejaa kalamu. Choo kimoja kilikuwa kimewekewa alama ya kukatwa, kimefungwa tangu mvua. Njia moja, nyeupe na pana kwenye picha, ilikuwa imeandikwa "si ya usiku" kwa wino mwekundu, na mtu mwingine akapigia mstari. Kwenye kona ya chini, pale ambapo kwangu palikuwa kiwanja kitupu kando ya mto, mtu alikuwa amechora vyumba sita kwa rula na kuandika majina ya waliokuwa wakiishi humo kabla ya tingatinga kupita.